Ritongo la Tumbili wa Genkuru

Tumbili wa vilima vya Genkuru hawakuwa na shule. Walikuwa na mahindi ya watu, mkuyu wa kulala, na milio mitatu. Ukisikika wa chui, kila mmoja alikimbilia matawi membamba yasiyoweza kumbeba mnyama mzito. Ukisikika wa tai, walitupa macho juu na kujitosa vichakani. Wa nyoka uliwasimamisha kwa miguu miwili, wakachungulia nyasi. Mwenye shamba akija na mbwa wake hawakutoa mlio wowote: waliondoka kimya kimya kama wadaiwa.

(Usidhani hili nalitunga. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha waliyoyaona kwa tumbili wa Amboseli, Kenya. Walificha spika, wakapiga milio waliyoirekodi, na tumbili wakafanya hivyo hivyo ingawa hapakuwa na chui, tai wala nyoka.)

Watoto walijifunza kwa kukosea. Ghati, angali mchanga, alimpigia hondohondo mlio wa tai, akampigia njiwa, akalipigia hata jani lililokuwa likianguka. Lakini ngiri hakumwita tai hata siku moja. Cha angani alishakitenga na cha ardhini, bado kuchambua tu. Mama yake aliinua macho, akaona jani, akaendelea kutafuna. Siku tai mwenyewe alipokuja, mama aliuitikia mlio wa mwanawe, bibi akaitikia, shangazi wakaitikia, mkuyu mzima ukarindima. Kidogo kidogo njiwa wakaachwa waruke kwa amani.

Ndipo aliporudi Mwalimu Ngedere kutoka Tarime mjini, alikoishi darini mwa shule na kula chaki nyingi.

"Mtoto anaachwa abahatishe?" alishangaa. "Kila kitu kina fasili yake!"

Ritongo, yaani baraza la wote, likaitwa, fasili zikapitishwa. Tai: kiumbe mwenye mbawa, kucha na mdomo uliopinda. Nyoka: kirefu, chembamba, hakina miguu. Chui: ana miguu minne na madoa, hutembea ardhini. Bibi mmoja akauliza kuhusu tumbusi, maana naye mdomo wake umepinda. Akaambiwa swali lake halimo kwenye muhtasari. Mwingine akataja mondo na kanu, wenye madoa wote wawili. Hao wakaahirishwa hadi kidato cha pili.

Ili kuandikisha wanafunzi na wazazi, ilibidi tumbili naye afasiliwe: mnyama wa mtini, uso mweusi, mkia mrefu. Tatizo likawa Mzee Chacha. Mkia wake ulibaki kwenye mtego wa shamba la mahindi, miaka ile ya ujana. Wajukuu anao, makovu anayo, mahindi anayajua kwa harufu.

"Mzee wetu, heshima yako iko palepale," Mwalimu alimwambia kwa upole, "ila kwenye daftari hutoshi."

Chacha akafutwa. Akaendelea kulala mkuyu uleule, lakini ritongoni hakuruhusiwa tena kusema.

Mtihani ulipofanyika, Ghati alishindwa. Alipoulizwa tai ni nini, alikimbilia kichakani. Kijana mmoja alizikariri fasili zote bila kukosa nukta, akawa wa kwanza.

Asubuhi moja wakiwa pembezoni mwa shamba, Chacha alitoa mlio wa chui. Wanafunzi walitazamana: huyu si tumbili, basi mlio wake ni wa nani? Wakatafuta wenyewe. Ardhini hapakuwa na mwenye madoa. Kwenye tawi la chini la mgunga, nyuma ya majani, kilining'inia kitu kirefu, chembamba, kisicho na miguu.

"Nyoka!" akalia yule wa kwanza, na darasa zima likasimama kwa miguu miwili, likachungulia nyasi kwa nidhamu nzuri sana. Ghati alikuwa ameshafika juu kabisa ya mkuyu, ubavuni mwa Chacha.

Jioni ritongo lilikaa. Mwalimu Ngedere alieleza kwamba jibu la marehemu lilikuwa sahihi kwa mujibu wa fasili, na kwamba chui ndiye aliyekiuka, kwa kupanda mti. Wajumbe wakaongeza maneno "na mara nyingine juu ya mti" kwenye fasili ya chui. Cheti cha marehemu kikakabidhiwa kwa mama yake. Chacha aliinua mkono aseme neno, akakumbushwa daftari.

Mtihani wa marudio ukapangwa wiki iliyofuata, palepale chini ya mgunga, kwa kuwa kuna kivuli.