Jinsi ya Kumiliki Timu ya Mpira Kisii au Nyamira Bila Kuuza Shamba la Chai

Kabla ya jezi, kabla ya nembo, kabla hata ya jina la timu, keti mezani na mkeo au mumeo mkubaliane mambo matatu: shamba la chai haliguswi, karo ya watoto haiguswi, na ng'ombe wa maziwa haguswi. Yaandikeni. Namfahamu mwenye timu mmoja upande wa Nyamira, mtu mwema kupita kiasi, aliyeuza ng'ombe wawili mwezi Machi ili vijana wafike Migori kucheza. Mwezi Mei alikuwa akienda kwa jirani na kikombe kuomba maziwa. Juni timu ikavunjika, na wale vijana hawakumchukia hata kidogo. Walimwonea huruma, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Ukishakubaliana na nyumbani, isajili timu. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inataka kila klabu iandikishwe kwa Msajili wa Michezo, iwe na katiba na viongozi wanaojulikana. Wengi huliona jambo hili kuwa usumbufu, na huendesha timu kwa jina la mtu na kwa simu yake. Usifanye hivyo. Siku mfadhili wa kweli atakapokuja, swali lake la kwanza litakuwa pesa ziingie akaunti ya nani. Ukimpa nambari yako mwenyewe ya M-Pesa, umempoteza.

Sasa tuje kwenye gharama zenyewe. Watu hudhani kinachofilisi timu ni mishahara. Kwenye ligi za chini wachezaji wengi hawana mshahara, wana nauli na sahani ya ugali. Kinachoila timu ni barabara. Nissan ya abiria 14 haitoshi wachezaji 18, kocha, meneja wa timu na yule anayebeba sanduku la huduma ya kwanza. Kwa hiyo utakodi mbili, au basi dogo, na mwenye gari atataka nusu ya pesa kabla hajageuza ufunguo. Halafu kuna mafuta, chakula cha mchana njiani, na maji. Ukipanda hadi ligi inayokupeleka Nairobi, hizo ni takriban kilomita 300 kwenda tu, na vijana hawawezi kusafiri usiku kucha wakashuka garini na kuingia uwanjani. Lazima walale mahali.

Nyumbani nako kuna madeni yake. Chokaa ya mistari, nyavu, waamuzi, askari wa kulinda mlango, na ambulensi. Hiyo ya mwisho iandike kwa wino mwekundu. Mechi kadhaa nchini Kenya zimechelewa au kuahirishwa kwa sababu gari hilo halikuwepo uwanjani filimbi ilipokuwa tayari kupulizwa. Ongea na hospitali ya karibu mwanzoni mwa msimu, upate bei ya mechi zote kwa pamoja, usingoje Jumamosi asubuhi.

Na mvua ya Gusii unaijua. Asubuhi jua, saa tisa alasiri wingu limeshuka hadi kwenye migomba. Mtu aliyetoka Keroka akiwa na shilingi zake za kiingilio akiona wingu lile anaingia hotelini kunywa chai, na pesa hiyo hutaiona. Omba mechi zako zianze mapema kadiri ligi itakavyokubali, na weka mtu wa kukusanya kiingilio mlangoni saa mbili kabla ya mpira.

Hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo, kwa maana hapa ndipo timu zinapofia: kwa kumtegemea mlipaji mmoja.

Mwaka 2006, Sony Sugar ya Awendo, timu ya kiwanda cha sukari hapo jirani kwenye barabara ya Migori, ilitwaa ubingwa wa Kenya. Mwaka huohuo Shabana, timu yetu ya Kisii, ikashuka kutoka ligi kuu. Kama ungeulizwa siku ile ni timu ipi ya kuwekea shilingi yako, ungejibu bila kufikiri. Awendo kulikuwa na kiwanda, uwanja na mshahara. Kisii kulikuwa na kelele. Lakini kiwanda kilipoingia taabani, timu ikaingia taabani nacho. Mwaka 2019 Sony Sugar ilishindwa kufika uwanjani mara tatu, na kanuni za ligi zikaiondoa. Mwaka 2023 Shabana ikarudi ligi kuu baada ya miaka 17.

Jina Shabana lenyewe lilitoka kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, na timu ilizaliwa mwaka 1980. Waulize vijana wanaoimba Tore Bobe, kauli ya mashabiki wake, kwenye Uwanja wa Gusii kuhusu duka hilo, wengi watakuambia hawalijui. Timu wanaijua. Miaka 17 nje ya ligi kuu ni muda wa mtoto kuzaliwa na kumaliza kidato cha nne, na bado watu walikuwa wakivaa jezi ile sokoni, wakipanda magari kuifuata ugenini. Mimi nasema hicho ndicho kilichoiokoa: ilikuwa na wenyewe wengi, hata miaka ambayo haikuwa na pesa.

Basi usiwe kiwanda cha sukari. Hata ukiwa na uwezo wa kulipia kila kitu peke yako, kataa. Siku utakayougua, au biashara yako itakapolala, timu nzima italala nawe. Wala usihesabu pesa za ligi kabla hazijafika. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilijiondoa kwenye soka ya Kenya mwaka 2019 baada ya mvutano na serikali kuhusu leseni na kodi. Nyingine ya kamari, BetKing, ikaja mwaka 2020 na mkataba wa miaka mitano wa shilingi bilioni 1.2, na mwaka uliofuata ukavunjika. Ligi kuu iliumia, wewe wa chini utapata nini? Na usidhani ni uchanga wetu Waafrika. Agosti 2019, mwaka uleule wa Sony Sugar, klabu ya Bury ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1885, ilifukuzwa ligini baada ya mmiliki aliyeinunua kwa pauni moja kushindwa kuonyesha pesa za kuiendesha.

Tafuta watu 200 badala ya tajiri mmoja. Mama anayeuza ndizi, fundi wa pikipiki, mwalimu, mchongaji wa mawe wa Tabaka, kila mmoja shilingi 100 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 20,000 kila mwezi, na gari la ugenini limelipwa. Lakini wape kadi ya uanachama na haki ya kuuliza maswali. Kwa mkulima wa chai, fuata kalenda yake: majani hulipwa kidogokidogo kila mwezi, bonasi huja Oktoba. Ukimwomba mchango mkubwa mwezi Mei unamwaibisha bure. Nenda kwake bonasi ikiwa mkononi, mwonyeshe orodha ya safari zilizobaki, umwombe achague moja iwe yake. Nimeona mzee akiichukua safari nzima ya Kericho, na siku ya mechi akakaa kiti cha mbele karibu na dereva akiwa amevaa koti la harusi.

Mwanasiasa atakuja, hasa mwaka wa uchaguzi ukikaribia. Atakuletea jezi zenye picha yake na mipira miwili. Pokea mipira. Jezi mwambie kwa heshima kwamba rangi za timu ziko kwenye katiba, ila akitaka kulipia ambulensi ya msimu mzima jina lake litasomwa kwenye kipaza sauti kila mechi. Anayeipenda timu atakubali.

Halafu kuna pesa ambayo wenye timu karibu wote wanaiacha chini. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya bei kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka wa umri kuanzia 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 ya bei, na kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 ni asilimia 0.5. Kijana aliyekaa kwako miaka mitatu, akiwa na umri wa 16, 17 na 18, kisha siku moja akauzwa dola 100,000, amekuachia dola 1,500, yaani karibu shilingi 190,000. Hiyo ni nauli ya safari nyingi. Lakini haitalipwa kwa klabu ambayo haikumsajili. Kwa hiyo nunua faili. Nakala ya cheti cha kuzaliwa, fomu ya usajili, tarehe aliyoingia, tarehe aliyotoka, kwa kila mtoto, hata yule mwembamba anayekaa benchi.

Nimekuwa mweka hazina wa timu ya namna hii, na jambo moja nalifanya hadi leo. Mechi ikiisha, kabla watu hawajatawanyika, tunaleta meza nje. Kiingilio kinahesabiwa hadharani, anahesabu mama mmoja wa soko ambaye hakuna aliyewahi kumdanganya chenji. Analipwa dereva kwanza, maana bila yeye hatutatoka wiki ijayo, kisha waamuzi, kisha chakula cha vijana. Kinachobaki kinaandikwa kwenye daftari na kusomwa kwa sauti, hata kikiwa shilingi 340, na daftari linabaki mezani kwa yeyote anayetaka kulifungua.