Maombi ya Kibali cha Kuziba Tundu Moja

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,
Kiwanda cha Mashine za Kufulia
(jina la kampuni tunalihifadhi, maana aibu haina dhamana).

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUZIBA TUNDU KWENYE RABA YA MLANGO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nawapongeza kwa dhati. Mashine yenu ilifanya kazi bila kinyongo hadi siku dhamana yake ilipokwisha, kisha ikaanza kuvuja. Huko ndiko kwenda na wakati, jambo ambalo wengi wetu hatuliwezi hata kwenye harusi zetu wenyewe.

Sikukurupuka. Nilifuata utaratibu. Kijitabu chenu cha maelekezo kimeandikwa kwa lugha nyingi, Kiswahili hakimo, lakini zote zinakubaliana: mashine ikivuja, usiiguse, wasiliana na kituo cha huduma kilichoidhinishwa. Kituo hicho hapa Dar es Salaam kilinipokea kwa heshima zote, kikanipa kiti na maji ya kunywa, kisha kikanieleza kwamba raba ya mlango huwa haiji peke yake. Nikauliza, sasa huwa inakuja na nani? Nikajibiwa kuwa inakuja na mashine mpya, na kwamba wiki hiyo nilikuwa na bahati, kulikuwa na punguzo.

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ninyi mmewaboresha: ufa usiuguse, kuta tunauza sisi.

Kwa barua hii basi natoa taarifa rasmi kwamba kazi imeshafanyika, na naomba kibali baada ya kazi, kama ilivyo desturi ya wengi wetu katika vibali vya ujenzi.

TAARIFA YA TUKIO

Plagi ilichomolewa ukutani na bomba likafungwa, kwa sababu umeme na sakafu iliyoloa havimpi mtu nafasi ya kujitetea. Kisha washukiwa wakahojiwa mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa mpira unaoingiza maji kwa nyuma. Nati yake ilikuwa imekazwa vizuri na washa yake ni nzima, akaachiwa. Wa pili alikuwa droo ya sabuni, ambaye akizibwa na sabuni iliyoganda humwaga maji kwa mbele na kumsingizia mlango. Akasuguliwa kwa mswaki wa zamani, akaachiwa kwa dhamana, kitu ambacho mimi sina tena.

Wa tatu alikuwa povu. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu jingi ili mfuaji aone kazi inafanyika. Ukiitia kwenye mashine ya mlango wa mbele, povu hujaa na kutafuta pa kutokea. Kijitabu chenu kina ushauri juu ya hili: "tumia sabuni inayofaa". Tunashukuru kwa ufafanuzi.

Wa nne alikuwa filta ya pampu, pale chini kwenye kimlango kidogo. Beseni likawekwa, kifuniko kikafunguliwa taratibu, maji yakatoka, na pamoja nayo kifungo, sarafu ya shilingi mia na waya wa sidiria. Huyu wa mwisho ndiye aliyevunja kesi. Kabla ya kufika kwenye pampu alipita mlangoni, na kwenye mkunjo wa chini wa raba, pale maji yanapotuama, alikuwa ameacha tundu dogo kuliko punje ya mchele. Kwa ajili ya hilo tundu, Ndugu Mkurugenzi, nilishauriwa ninunue mashine nzima.

Nikafungua kifuniko cha juu ili niifikie pete ya ndani inayoibana raba kwenye pipa. Hapo nikakutana na zege. Najua kazi yake: hulituliza pipa lisirukeruke linapokamua nguo kwa mizunguko elfu na zaidi kwa dakika. Ila siku vijana wanne walipoipandisha mashine hiyo ghorofa ya tatu huku wakihema, sote tuliamini wamebeba teknolojia.

Kuhusu upatikanaji wa kipuri, nilipata mawaidha kwa fundi wa mtaani, mtu asiyeidhinishwa na yeyote isipokuwa wateja wake. "Nenda Kariakoo, bosi," aliniambia, "na hiyo ya zamani ibebe mkononi. Usitaje jina la kampuni, wewe onyesha." Muuzaji aliipima kwa macho, akapotelea nyuma ya duka, akarudi na ndugu yake iliyovuliwa kwenye mashine iliyokufa kwa maradhi mengine. Ilikuja peke yake. Haikuhitaji kusindikizwa.

Fundi huyohuyo alinieleza pia njia ya mkato: raba ya zamani huzungushwa mpaka tundu likakaa juu, yasikofika maji. Ni akili, na kweli kuvuja hukoma. Tatizo ni kwamba vile vitundu vya kutolea maji, ambavyo ninyi wenyewe mliviweka chini kwa makusudi, navyo huhama mahali pake, maji yakalala mkunjoni na raba ikaota ukungu. Kwa hiyo raba iliyopatikana ikavishwa kihalali: alama iliyo juu yake ikalinganishwa na alama ya pipa, vitundu vikakaa chini kabisa, pete ya ndani ikarudi, kisha ile ya nje yenye springi, kwa msaada wa bisibisi bapa na maneno ambayo siwezi kuyaandika katika barua rasmi. Mashine ikazungushwa bila nguo huku tochi ikimulika chini. Pakavu.

SWALI LA JIOGRAFIA

Sasa naomba mnisaidie jambo moja. Tangu tarehe 1 Machi 2021, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/2023 inawataka watengenezaji wa mashine za kufulia za nyumbani wawe na vipuri kwa angalau miaka 10 tangu mashine ya mwisho ya aina hiyo kuingizwa sokoni, na wavifikishe ndani ya siku 15 za kazi. Vingi kati ya hivyo ni kwa mafundi wa kazi hiyo. Lakini vipo ambavyo mwenye mashine ana haki ya kujinunulia mwenyewe, na raba ya mlango imo, pamoja na bawaba, kufuli ya mlango na droo ya sabuni. Nchini Ufaransa, kuanzia Januari 2021 hadi Aprili 2025, mashine za mlango wa mbele ziliuzwa zikiwa na alama ya urahisi wa kutengenezeka, kati ya 10, mnunuzi aione kabla hajatoa pochi.

Ina maana raba inasafiri peke yake mpaka Hamburg na Lyon. Ni kwenye Bahari ya Hindi tu ndipo inapoogopa kusafiri bila mashine mpya kuishika mkono.

Msidhani nawaonea gere Wazungu kwa kila kitu. Kanuni hiyohiyo ya Umoja wa Ulaya inawaruhusu watengenezaji kuuza beringi pamoja na pipa lake zima, na katika mashine nyingi za siku hizi nusu mbili za pipa la nje zimeunganishwa kwa joto kiwandani ili zisifunguke tena. Beringi ikifa, pipa zima linazikwa nayo. Wahandisi wenu walisoma sana kufikia hapo. Nasikitika kuwaarifu kwamba mafundi wetu hulikata pipa hilo kwa msumeno wa chuma, hutoa beringi, huweka nyingine na sili yake, kisha huzirudisha zile nusu kwa skrubu na silikoni. Kama mna nafasi za kazi, wapo.

MAOMBI

(a) Kibali cha tundu lililotajwa hapo juu, kwa kuwa limeshazibwa.

(b) Raba ya mlango iuzwe Dar es Salaam na Mombasa kwa masharti yaleyale ya Hamburg, bei yake ikiwa imebandikwa ukutani, pale mlipobandika punguzo la mashine mpya.

(c) Mchoro wa ndani wenye namba za vipuri utolewe kwa kila mnunuzi, na kijitabu kiandikwe kwa Kiswahili. Kitueleze simtanki likae juu kiasi gani, maana kila mita 10 za kimo hutoa takriban bar 1 ya msukumo, na simtanki lililokaa usawa wa dirisha haliwezi kuijaza mashine inayodai nusu bar. Kiseme pia maji ya chumvi ya visima vyetu yanavifanya nini vyuma vinavyolibeba pipa. Hayo ndiyo tuliyotarajia kuyasoma. Tumesoma kwamba mashine isitumiwe kuoshea wanyama.

(d) Kama (b) ni ngumu, nipewe maelezo ya maandishi: mwenye mashine wa Hamburg anayeruhusiwa kushika bisibisi ana mkono wa aina gani ambao mimi sina?

Nawasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mteja Asiyeidhinishwa,
Dar es Salaam.

Nakala kwa:

1. Kituo cha Huduma Kilichoidhinishwa: kwa taarifa.

2. Fundi wa mtaani: kwa kumbukumbu, na atunze namba yake ya simu isibadilike.

3. Mamlaka zote zenye jukumu la kumlinda mlaji: kwa utekelezaji. Kanuni ya miaka 10 na siku 15 imeshaandikwa na wengine. Hatuwaombi mtunge, tunaomba mnakili.