Namna ya Kufika Chumbi na Tuzo Mkononi

Hongera kwa tuzo. Picha tumeziona: suti imekaa, tabasamu limekaa, na mkono wa mgeni rasmi umekaa begani kwako. Wenzako mliosoma nao Mlimani wamekupongeza kwenye kundi la wahitimu mpaka simu ikaishiwa chaji. Sasa imebaki sehemu ngumu, ambayo hakuna chuo kinachoifundisha: kuipeleka tuzo hiyo nyumbani Chumbi, ng'ambo ya Mto Rufiji, mbele ya watu wanaokujua tangu ukiamia ndege. Mwongozo huu ni wako. Unamfaa pia mhitimu wa Muhoro, wa Utete, wa Nyamisati, na wa popote penye wazee wenye maswali.

Kabla ya kukata tiketi, ikague tuzo yenyewe. Kama barua ya ushindi ilikuja na ankara ya meza ya watu kumi, ada ya kuthibitisha ushindi na bei ya cheti chenye fremu, basi hiyo umeinunua. Chumbi watu wananunua na kuuza kila siku, na hakuna anayesomewa dua kwa kununua. Jiulize waamuzi walikuwa nani, ulishindana na nani, na ni kazi ipi hasa waliyoisoma. Ukikosa majibu yote matatu, iache Dar es Salaam, uende kusalimia tu, na utapokelewa vizuri vilevile.

Udaktari wa heshima uliotolewa kwenye ukumbi wa hoteli na chuo kisicho na majengo nao ukaguliwe hivyohivyo. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ipo tangu mwaka 2005, na kutambua vyuo na shahada zake ni kazi yake. Waulize wao kwanza. Na hata kama udaktari wako ni wa kusomea miaka mitano, waeleze majirani mapema kwamba ni wa uchumi au wa isimu. Chumbi ukiitwa Daktari utaletewa mtoto mwenye homa saa nane za usiku, na mama yake atakuwa ametembea kwa miguu kukufuata.

Halafu chagua msimu. Mhitimu anayepanga hafla yake kwa kalenda ya ofisi hufika wakati mpunga umeanza kukomaa, akakuta kijiji kimehamia bondeni. Wakati huo familia inaishi kwenye dungu: kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, cha kupandia kwa ngazi, sakafu yake fito, chini yake maji au tope, na kamba zenye makopo zimetandazwa kuelekea pembe za shamba. Alfajiri mtoto anavuta kamba, makopo yanalia, ndege wanaruka, wanazunguka, wanatua upande wa pili, naye anashika kombeo. Kazi hiyo inakwenda mpaka jua lizame. Usimtoe mtu huyo shambani aje kukupigia makofi. Subiri mavuno yaingie ndani, ndipo utapata watu, utapata pilau, na utapata wazee wenye nafasi ya kukuhoji.

Safari yenyewe ianzie Mbagala Rangi Tatu, ndani ya basi, pamoja na abiria wengine. Kuna sababu. Kati ya Mkuranga na Kibiti una muda wa kutosha kujifunza jambo ambalo kamati ya tuzo haikukudai: kuieleza kazi yako kwa sentensi moja ya Kiswahili cha watu. Marufuku kutumia "wadau", "mifumo jumuishi", "kujengea uwezo" na "afua". Mgeukie mama uliyekaa naye, msabahi, akikuuliza unafanya kazi gani mweleze. Akiguna "mmh" na kutazama dirishani, anza upya. Ukifika Ikwiriri bado anaguna, shuka, unywe chai, upande basi linalofuata na ujaribu kwa mtu mwingine.

Upo mfano wa kuiga, na umetoka hapahapa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 simba walikuwa wanakula watu Rufiji. Mmoja wao alihesabiwa kuua watu zaidi ya 30 kabla ya kuuawa mwezi Aprili 2004, akakutwa na jipu kubwa chini ya jino. Mwaka 2005 watafiti wanne, Craig Packer wa Chuo Kikuu cha Minnesota pamoja na Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir, walichapisha matokeo yao katika jarida la Nature. Walihesabu Watanzania zaidi ya 560 waliouawa na simba tangu mwaka 1990, wengi wao kusini na pwani. Kuchapishwa humo ni ndoto ya mwanasayansi yeyote duniani. Lakini sikiliza walichogundua, kikisemwa kwa lugha ya basini: nguruwe pori wanafuata mazao, simba wanafuata nguruwe, na mkulima amelala shambani akilinda mpunga usiliwe na nguruwe. Basi. Bibi aliyelala kwenye dungu maisha yake yote anaipima sayansi hiyo papo hapo na kukwambia kama ni kweli. Mafanikio ya msomi yanayoweza kupimwa hivyo na bibi huyo, mimi nayavulia kofia kuliko ukuta mzima wa vyeti.

Ukifika darajani, funga simu na utazame nje. Daraja la Mkapa lina urefu wa karibu kilometa moja, na lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake watu walivuka kwa kivuko cha Ndundu, na mvua ikizidi, kusini kulikuwa mbali sana. Limebeba jina la Benjamin Mkapa, mhitimu wa Makerere wa mwaka 1962 aliyesomea Kiingereza. Wahandisi waliokokotoa nguzo zake hakuna abiria anayewataja kwa majina, na kila abiria anawategemea asitumbukie. Kama kazi yako ni ya namna hiyo, isiyoonekana jina, usione haya kuisema nyumbani. Hapa inaeleweka haraka.

Sasa umefika, na hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Rufiji imechunguzwa kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Katika vijiji vya kaskazini mwa mto, tangu mwaka 1998, wadadisi wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani kazaliwa, nani kafariki na nani kahamia, na kurudi tena baada ya miezi michache na maswali yaleyale. Takwimu hizo ziliusaidia mradi wa TEHIP, wa Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Kanada, kupanga bajeti ya afya ya wilaya kufuata maradhi yanayoua watu kweli. Vifo vya watoto wadogo vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano hivi. Ni moja ya kazi ninazojivunia kama Mtanzania. Na hapo sijagusa mikoko ya delta, iliyo msitu mkubwa wa mikoko kuliko wowote Afrika Mashariki, wala samaki, wala kamba, wala mafuriko. Kila kimoja kimemvisha mtu joho.

Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba Mkukutu, jirani na Kibiti, akapata shanga za kioo za Kirumi, na mwaka 1999 akachapisha ushahidi kwamba pwani hii ilifanya biashara na ulimwengu wa Bahari ya Kati karibu miaka elfu mbili iliyopita. Habari hiyo inastahili kuchorwa kwenye ukuta wa kila shule ya msingi kuanzia Bungu hadi Chumbi, na mhitimu wa historia anayekosa pa kuanzia aanzie hapo, na kopo la rangi.

Kwa hiyo, kama tuzo yako imetokana na tasnifu, na tasnifu imetokana na dodoso, na dodoso lilijazwa na mama aliyekukaribisha mkekani akaacha kupepeta mchele akujibu maswali sitini, unadaiwa. Lipa hivi: andika kurasa kumi za Kiswahili, zenye ulichouliza, ulichokuta, na unachofikiri kifanyike. Chapisha nakala. Moja peleka ofisi ya kata, moja zahanati, moja shuleni, na moja mpe yule mama, hata kama atasomewa na mjukuu. Sherehe ianze na kurasa hizo. Trofi ya kioo iliyofungwa kwenye khanga isivunjike njiani itatolewa baadaye, na watoto waachiwe waishike.

Kuhusu nani akae mbele: mwalimu wako wa darasa la kwanza. Kisha shangazi aliyesuka mikeka ya ukindu na kuuza korosho ukapata nauli ya kwendea bweni. Viongozi wa serikali wapewe viti vizuri upande wa kulia, na hotuba zao ziwe fupi. Ukiwaomba kwa heshima watakubali. Na kabla hujasimama kulishukuru taifa kwa kukusomesha, hakiki salio lako Bodi ya Mikopo. Makato ya asilimia 15 ya mshahara yanauma, najua, lakini ndiyo yanayomsomesha kijana wa Muhoro aliyeko mwaka wa kwanza sasa hivi. Mwenye tuzo ya ujasiriamali anayeikimbia Bodi asikae mbele hata kidogo.

Baada ya pilau utaulizwa. Mzee atasafisha koo, utamwamkia "Shikamoo babu", ataitikia "Marahaba mwanangu", kisha atauliza kuhusu maji. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliifunika Rufiji na Kibiti, nyumba na mashamba yakaenda. Mwaka huohuo Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme juu ya mto huohuo. Mzee anataka kujua mambo mawili. Yale mafuriko ya kiasi, yanayoacha mboji bondeni ili watu walime mlau maji yakipungua, yatakuja tena? Na yale makubwa, nani atatupa habari mapema, kwa njia gani? Kama wewe ni mhandisi wa maji, umekuja kwa ajili ya dakika hizi. Kama ni mhasibu, sema hujui, andika swali, chukua namba ya simu ya mjukuu, umtafute mwenzako mliyepanda naye jukwaani, naye ajibu. Wahitimu wana mtandao wa kupeana kazi. Uwe pia wa kujibu maswali ya Chumbi.

Wakikuuliza wenzako wengine walifanyaje, una mifano. Askwar Hilonga, mshindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015, alitengeneza chujio la maji ya kunywa, na kampuni yake akaiita Gongali, jina la kijiji chake huko Karatu. Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi wa Keriko huko Nakuru, alitwaa Tuzo ya Mwalimu Bora wa Dunia mwaka 2019, dola milioni moja, akiwa anafundisha kwenye shule yenye kompyuta moja na akigawa sehemu kubwa ya mshahara wake kwa wasiojiweza. Kijiji ilipo shule hiyo kinaitwa Pwani, kwa hiyo watu wa Mkoa wa Pwani watampenda mara moja. Wangari Maathai, aliyepata uzamivu wake Nairobi mwaka 1971, alipigiwa simu ya Nobel mwaka 2004 akiwa njiani kwenda Nyeri, na alipofika aliomba mche, akapiga magoti na kuupanda. Hakusubiri ukumbi. Mcheza kwao hutunzwa, wazee wanasema, na hawa watatu waliendelea kucheza kwao baada ya kutunzwa na wageni.

Siku ya pili nenda sekondari, peke yako, bila mpiga picha. Wanafunzi hawahitaji kuambiwa waote ndoto kubwa, wanazo tayari. Waambie alama zako halisi za kidato cha nne, na somo ulilorudia mtihani. Waambie chumba cha Dar es Salaam ulilipa kiasi gani na mlikaa wangapi. Kisha chukua chaki uandike ubaoni nyaraka za kuombea mkopo: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, cha kifo cha mzazi kama ni yatima, fomu yenye saini ya serikali ya kijiji na ya wakili au hakimu. Wapo vijana wenye alama nzuri wanaokosa chuo kwa karatasi iliyochelewa, na hilo linaniuma kuliko kufeli. Uliza nani hana cheti cha kuzaliwa. Mikono ikinyooka, orodhesha majina, nenda nayo kwa mkuu wa shule, mpange siku ya kwenda wilayani Utete, na nauli ya basi hilo toa wewe, kwenye fedha za tuzo.