Jinsi ya Kuiposa Kanzidata ya Zamani

Mfumo mpya wa taarifa huingia wilayani na haraka za bwana harusi. Kanzidata ya zamani imetulia ofisini na mambo yake, haijamwita mtu. Ukitumwa kuwaunganisha hawa wawili, iwe wilayani Handeni au Korogwe, usikimbilie kuandika programu. Tafuta mshenga: programu ndogo ya kati inayomsikiliza mzee kwa lugha yake, ikampelekea kijana ujumbe kwa lugha yake, bila kumlazimisha yeyote abadili tabia.

Chukua takwimu za afya. Mfumo wa zamani, DHIS 1.4, ulijengwa juu ya Microsoft Access, kwa majedwali na mistari. DHIS2, iliyokuwa imeenea Tanzania Bara kufikia mwaka 2013, imeandikwa kwa Java: kituo cha afya ni objekti yenye kitambulisho chake cha herufi na tarakimu 11, na kipindi ni objekti pia. Mlangoni tu mshenga atakwama, kwa sababu Java 8, iliyotoka mwaka 2014, iliondoa daraja la JDBC-ODBC ambalo watu walizoea kulipitia kuingia Access. Badala yake tumia kiunganishi cha UCanAccess, na ufungue nakala. Faili lenyewe usiliguse hata kwa kulipangusa vumbi.

Sasa keti na mtunza takwimu. Hapa usibane muda, na chai uinunue wewe. Mwombe afungue kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kile cha wagonjwa wa nje, akuoneshe mwezi ambao zahanati haikuandika chochote kwenye malaria. Je, hakukuwa na mgonjwa, au ripoti haikuletwa? Sifuri ni habari njema. Nafasi tupu ni swali. Programu yako ikigeuza kila tupu kuwa sifuri, umeitokomeza malaria ya kijiji kizima kwa mstari mmoja wa msimbo, na dawa za mwezi ujao zinaweza kupelekwa kwingine. Yeye anajua zahanati ipi ilifungwa masika yale na ipi haikuwa na mhudumu. Kwenye jedwali hutayakuta.

Ukikuta pia mtoto wa kliniki aliyezaliwa tarehe 30 Desemba 1899, usimtafute mama yake kumpongeza. Access huhesabu siku kuanzia tarehe hiyo, kwa hiyo sifuri iliyoingia mahali pa tarehe hutokea na sura hiyo. Iandike kuwa haijulikani, usonge mbele.

Kazi nzito iko kwenye majina ya mahali. "Handeni" ya faili lililoanza kabla ya mwaka 2002 inabeba pia vijiji ambavyo leo ni Kilindi, wilaya iliyomegwa kutoka humo. Leo Handeni ina halmashauri mbili, ya wilaya na ya mji. Korogwe hali kadhalika. Ukiunganisha kwa jina, utawapa watu wa mjini wagonjwa wa Songe, kule Kilindi. Tengeneza jedwali la ulinganisho lenye kituo, msimbo wa zamani, kitambulisho kipya, na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Tarehe hizo mbili ndizo roho ya kazi yote, nami sijaona njia ya mkato.

Kuhusu mtandao, mwaka 1994 Jim Waldo na wenzake wa Sun Microsystems waliandika kwamba objekti iliyo mbali haiwezi kutendewa kama iliyo mezani kwako. Anayetuma data kutoka Mkata, wilayani Handeni, umeme ukikatika katikati ya safari, anawaelewa vizuri. Usiulize seva tarakimu mojamoja. Funga mzigo wa mwezi mzima, upe namba yake, na uhakikishe ukitumwa mara mbili unahesabiwa mara moja.

Kisha iache mifumo yote miwili ifanye kazi pamoja. Chapisha wagonjwa wa malaria wa chini ya miaka 5, kituo kwa kituo, safu mbili kwenye karatasi moja, umpelekee mtunza takwimu na kalamu nyekundu. Asipokuwa na cha kuzungushia duara, mwambie aweke sahihi, na nakala moja ya faili la zamani ibaki kabatini mwake.