Ombi la Kulindwa kwa Kosa la Refa: Barua ya Wazi kwa Wenye Sheria za Soka

Kwa Bodi ya Kimataifa ya Vyama vya Soka,
Zürich, Uswisi.

YAH: KUHIFADHIWA KWA MAKOSA YA WAAMUZI KATIKA MASHINDANO YA KIMATAIFA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Bodi tukufu, ambayo tangu ilipokutana mara ya kwanza jijini London mwaka 1886 ndiyo pekee yenye mamlaka ya kuzigusa sheria 17 za mchezo wa soka, inaandikiwa waraka huu kwa niaba ya mashabiki wa vijiweni na wa vibanda umiza, yaani zile kumbi ndogo za kulipia ambamo watu hubanana kwenye mabenchi kutazama mechi katika televisheni. Mashabiki hao wameona kwa masikitiko kwamba kila mwaka Bodi huongeza vifaa vya kumsaidia refa asikosee, bila kujiuliza ni nani atakayebeba lawama siku refa atakapoacha kukosea. Katika mashindano makubwa kosa la refa lina kazi mahususi ya kijamii, nayo ni kumpatia aliyeshindwa maelezo ambayo hayamlazimu kuitazama timu yake.

Ushahidi wa kazi hiyo ulipatikana Bloemfontein, katika Kombe la Dunia, tarehe 27 Juni 2010, pale shuti la Frank Lampard wa Uingereza lilipogonga mtambaa panya, ambayo ni nguzo ya juu ya goli, likadunda ndani kabisa ya mstari wa Ujerumani, huku refa Jorge Larrionda wa Uruguay na mshika kibendera wake wakiashiria kwamba mchezo uendelee. Ni kweli kwamba bao hilo lingefanya matokeo kuwa 2-2, na ni kweli pia kwamba mechi iliisha kwa mabao 4-1, kwa sababu katika kipindi cha pili mabeki wa Uingereza walikimbizwa hadi Thomas Müller akafunga mara mbili. Hata hivyo, mabao hayo mawili hayana watu wa kuyajadili, ilhali shuti la Lampard linajadiliwa hadi leo, na Bodi yenyewe ilishtuka kiasi cha kuidhinisha teknolojia ya mstari wa goli mwaka 2012. Kwa uamuzi huo Waingereza wa vizazi vijavyo wamenyang'anywa kisingizio cha daraja la juu, na haijulikani kama walishauriwa.

Bodi isidhani kwamba refa ni lazima akosee ndipo alaumiwe. Siku tano baadaye, katika uwanja wa Soccer City mjini Johannesburg, Ghana na Uruguay zilikuwa 1-1 mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza wakati Luis Suárez, ambaye si kipa, alipouzuia kwa mikono mpira uliokuwa ukiingia golini. Refa Olegário Benquerença wa Ureno alifanya yote yaliyoandikwa katika sheria: alitoa kadi nyekundu, akatoa penalti. Asamoah Gyan akapiga, mpira ukagonga mtambaa panya, kisha Uruguay ikashinda 4-2 katika mikwaju ya penalti iliyofuata, na Afrika ikalazimika kuisubiri nusu fainali yake ya kwanza hadi Morocco ilipoingia mwaka 2022. Kisheria hakuna aliyeonewa hapo, kwa kuwa kosa lilionekana, likaadhibiwa, na aliyekosewa akapewa nafasi ya kufunga kutoka umbali wa mita 11 bila beki mbele yake. Lakini nendeni kwenye kijiwe chochote kutoka Accra hadi Mombasa mkaseme maneno hayo, mtaambiwa kwamba Afrika iliibiwa. Wengine wamekwenda mbali na kutaka mpira wa namna hiyo uhesabiwe kuwa bao moja kwa moja, jambo ambalo, kwa haki, si la kipuuzi hata kidogo, ingawa linahitaji refa awe na uhakika wa mahali ambapo mpira ungefika laiti mkono usingekuwapo. Mashabiki hawaliungi mkono pendekezo hilo. Wanachohofu ni kwamba likipita, mjadala utahamia kwa Gyan, ambaye anapendwa mno kuweza kulaumiwa.

Kwa upande wa makosa halisi, mashabiki wanamshukuru kwa dhati refa Janny Sikazwe wa Zambia kwa kazi aliyoifanya mjini Limbe, Kamerun, tarehe 12 Januari 2022, katika mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika baina ya Mali na Tunisia. Alipuliza filimbi ya mwisho dakika ya 85, akakumbushwa, mchezo ukarejea, akaipuliza tena sekunde chache kabla ya dakika ya 90 kutimia, bila kuongeza hata dakika moja. Baadaye ilielezwa kwamba alikuwa ameathiriwa na joto kali, na binadamu yeyote mwenye huruma ataliona hilo kuwa jambo zito kuliko mpira. Ilipoamriwa mchezo urejee tena, Tunisia ilikataa kurudi uwanjani, rufaa yake ikatupwa, ushindi wa Mali wa 1-0 ukabaki. Katika kelele hizo zote ilisahaulika, tena kwa manufaa ya wote, kwamba Tunisia ilikuwa imecheza dakika 85 za awali bila kufunga, na kwamba katika muda huo Wahbi Khazri alipewa penalti iliyodakwa na kipa wa Mali.

Sasa Bodi imeleta VAR, utaratibu ambao waamuzi wasaidizi hukaa mbele ya skrini na kumshauri refa kwa kutazama marudio ya picha, ukaingizwa rasmi katika sheria mwaka 2018. Katika Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 kikaongezwa kifaa cha kugundua kuotea, yaani mshambuliaji kutangulia mbele ya mabeki wakati pasi inapopigwa, ambacho kilitumia kamera 12 chini ya paa la uwanja na kihisi ndani ya mpira kilichotuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Mashabiki waliingiwa na hofu kubwa, ila hofu hiyo ilipungua tarehe 1 Desemba, Japani ilipoifunga Hispania 2-1 kwa bao lililotokana na mpira uliochongwa na Kaoru Mitoma ukiwa umesalia juu ya mstari kwa milimita chache tu. Sheria inasema mpira umetoka pale unapovuka mstari wote mzima, hata ukiwa hewani, kwa hiyo VAR ilikuwa sahihi. Ujerumani, iliyotolewa kutokana na matokeo hayo, ilipata milimita za kuzungumza badala ya kuzungumzia mechi yake yenyewe dhidi ya Japani hiyo hiyo, siku nane kabla, ambamo iliongoza kwa bao moja kisha ikafungwa mawili. Teknolojia imehamisha ubishi kutoka kwenye mita hadi kwenye milimita, na kwa hilo Bodi inastahili pongezi.

Pongezi nyingine ziende kwa sheria ya kuunawa mpira. Hakuna chombo cha kutunga sheria duniani, hata bunge, kilichoweza kuandika jambo likasomwa mara nyingi hivyo na kueleweka mara chache hivyo. Mwaka 2020 ilielezwa kwamba mkono unaanzia usawa wa chini ya kwapa, kisha ikafafanuliwa kwamba si kila mguso ni kosa, bali hutazamwa kama mchezaji ameukuza mwili wake isivyo kawaida. Vibanda umiza vina wataalamu wa anatomia ambao hawakuwahi kusomea udaktari, na wote wanaitegemea sheria hiyo. Isiguswe.

Kuhusu muundo wa Bodi, mashabiki wa pwani wana dukuduku dogo. Uingereza, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina kura moja moja, na FIFA, kwa niaba ya dunia nzima iliyobaki, ina kura nne, huku kura sita zikihitajika ili sheria ibadilike. Zanzibar ilipokubaliwa kuwa mwanachama kamili wa shirikisho la soka la Afrika, CAF, mwezi Machi 2017, uanachama huo ulifutwa Julai mwaka uleule kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Bodi, yenye vyama vinne kutoka dola moja, inaombwa iwatumie Wazanzibari barua fupi ya kuwaeleza jinsi jambo hilo linavyowezekana.

Mwisho, lipo tatizo la timu zinazofungwa bila utata wowote. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2019 nchini Misri, Taifa Stars ya Tanzania ilifungwa 2-0 na Senegal, 3-2 na Kenya na 3-0 na Algeria, na kwa kuwa hapakuwa na refa wa kubebeshwa mzigo huo, mkataba wa kocha Emmanuel Amunike ulivunjwa. Miaka mitano baadaye, katika mashindano hayo hayo nchini Ivory Coast, kocha wa Tanzania Adel Amrouche alijitahidi kuanza mapema, akazungumzia ushawishi wa Morocco katika soka la Afrika kabla mechi haijachezwa. Timu ikafungwa 3-0 na Morocco, CAF ikamfungia mechi 8, na shirikisho la nchini likamsimamisha. Inaombwa basi kwamba timu yoyote inayofungwa mabao matatu au zaidi ipewe walau tukio moja la utata, hata la mpira wa kurushwa, litakalotangazwa na refa kwa kipaza sauti kabla ya filimbi ya mwisho. Pasipo hilo mashabiki hujikuta wakianza kuulizana kuhusu mashindano ya vijana yasiyofanyika, viwanja vya mazoezi visivyojengwa na watu wanaosafiri na timu bila kujulikana kazi yao, maswali ambayo viongozi wa mashirikisho wamekwisha kusema mara kadhaa kwamba huvunja umoja wa taifa.

Wenu watiifu,
Mashabiki

Nakala: Waamuzi wote wenye beji ya FIFA, kwa utekelezaji.