Mvua Katika Baadhi ya Maeneo

Mimi ni mkazi wa Baadhi ya Maeneo. Usipatafute kwenye ramani. Ukisikia redioni kwamba mvua itanyesha katika baadhi ya maeneo, jua ni hapa kwangu Old Moshi, tena juu ya chanja la kahawa yangu. Nikishaanua, mvua inahamia Kirua.

Mwanzoni mwa vuli hii nilichoka kabisa. Jumatatu alikuja mpwa wangu, ambaye ni mgumu, anabeba mizigo ya wageni mlimani Kilimanjaro. Alitaka jaketi langu la mtumba, lile nililogombania soko la Memorial.

"Mjomba, simu ya mgeni wetu inasema Alhamisi theluji Barafu."

Barafu ni kambi, mita 4,673, ndipo wanapojinyoosha kidogo kabla ya kukivaa kilele cha Kibo usiku. Nikamuuliza simu imejuaje. Akakuna kichwa: simu ya mgeni wa pili inasema jua. Simu mbili, hema moja.

Nikaenda kwa bibi jirani. Baada ya shikamoo akautazama mlima, ambao siku hiyo haukuonekana.

"Wingu limekaa vibaya."

"Vibaya la mvua au vibaya la kukosa mvua?"

"Limekaa vibaya, baba."

Sikatai, kazi yenyewe ni ngumu. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6, kwa hiyo wingu linalonilowesha mimi huku migombani, likifika karibu na mita 5,000 linamwaga theluji. Balaa liko kwenye hilo "karibu". Baridi ya kugandisha ikishuka mita 300 tu, watu wa Barafu wanaamka mahema yamelemewa. Ikipanda, wanaamka kwenye tope. Na mlima nao hujipikia mawingu yake mwenyewe: jua la asubuhi linapasha mteremko, hewa yenye unyevu inapanda, saa saba mchana Kibo kishajifunika gubigubi. Sasa nani atakutajia saa?

Hata maprofesa. Mwaka 2002 Lonnie Thompson wa Marekani na wenzake waliandika kwamba barafu ya Kibo ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Imepungua kweli, tena inatia huruma kuitazama, lakini 2020 ilipita na barafu ipo. Miaka miwili baadaye UNESCO ikasema 2050. Fundi cherehani wangu naye husogeza tarehe hivyo hivyo, ila yeye namkasirikia. Hawa naomba waendelee kusogeza.

Ninayemheshimu ni mmoja. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe wa Kibo kwa mbali, akamuuliza kiongozi wa msafara wake ni kitu gani. Yule bwana akajibu: baridi. Basi. Rebmann akaandika ni theluji, na huko London William Cooley, aliyeijua Afrika kwa vitabu, akambishia miaka na miaka. Kiongozi hakubishiwa na mtu. Utamkosoaje aliyesema baridi?

Mimi niliamini simu ya theluji. Jumatano nikaanua kahawa yote, nikaitandaza sebuleni hadi chini ya meza. Jua likawaka mpaka kuku wakakimbilia uvunguni mwa ghala. Mama watoto hakusema neno. Alifagia tu, kwa sauti. Alhamisi kumekucha kweupe, Kibo kinang'aa kama sufuria ya harusi, nikarudisha kahawa chanjani debe kwa debe, mgongo unalia. Saa nane kasoro ikashuka mvua, si ya kuanua tena, ya kutazama tu.

Nikampigia mpwa wangu.

"Huko juu kunanyesha nini, mvua au theluji?"

Mtandao ukakatika, ukarudi.

"Baridi, mjomba."

Halafu akaomba vocha.