Jinsi ya Kufiwa na Farasi Bila Kuchafua Takwimu

Mchezo ni mbio za farasi za masafa marefu. Huko California, tangu 1955, watu wamekuwa wakikata kilomita 160 za milima ya Sierra Nevada juu ya farasi ndani ya saa 24, na wapenzi wa mchezo huu Marekani husema kumaliza ndiko kushinda. Mwongozo huu ni wa yule ambaye farasi wake hatamaliza.

Muhimu kuliko yote ni mahali pa kufia. Farasi akivunjika mguu mbele ya watu huna la kufanya. Lakini tumbo na figo vina subira. Kwenye kituo cha ukaguzi daktari atahesabu mapigo ya moyo, ambayo kwa kawaida hutakiwa yashuke hadi 64 kwa dakika. Atambonyeza ufizi aone damu inarudi upesi kiasi gani, kisha atatega sikio ubavuni, maana tumbo la farasi mzima hunguruma. Likiwa kimya, atamtoa mbioni. Usibishane. Mpakie kwenye trela, shukuru, ondoka. Akifia zizini kwako Jumanne, hayo ni ya kwako na mlinzi wa usiku.

Pili, jiunge na chama ambacho kuripoti vifo ni hiari. Hapo mkweli ndiye atakayeitwa muuaji, na jirani yako mkimya ataonekana mfugaji hodari. Wahenga walidai mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakujua kwamba kifo nacho hufichika.

Ukibanwa na sharti la kuripoti, soma tafsiri yake. Kwenye mbio fupi za Marekani, takwimu za majeraha zinazokusanywa na Jockey Club tangu 2008 huhesabu vifo vilivyotokea ndani ya saa 72 baada ya mbio. Farasi mwenye adabu husubiri saa ya 73.

Epuka pia uchunguzi wa mzoga na damu. Oktoba 2016, huko Fontainebleau, Ufaransa, farasi aitwaye Castlebar Contraband alivunjika mguu mbioni, na damu yake ikakutwa na zailazini, dawa ya kutuliza. Mwaka 2020 baraza la nidhamu la FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, likamfungia mpandaji miaka 20. Ndiyo hasara ya kufia hadharani.

Mtu atakuambia sharti huwatia watu woga, wakafunga midomo. Kwa makosa madogo ana hoja: tangu 1976 marubani wa Marekani wamekuwa wakikiri makosa yao kwa siri kwa NASA, na usafiri wa anga umefaidika. Ila ndege iliyoanguka haisubiri hiari ya rubani. Hilo usimkumbushe.

Na ikitokea chama chako kikapitisha sharti, tulia. Mwaka wa kwanza vifo kwenye daftari vitapanda, kwa kuwa sasa vinaandikwa. Simama kwenye mkutano mkuu, inua karatasi ya takwimu, uwaoneshe wajumbe jinsi sharti lilivyoua farasi.